Dawa ya mifupa imekudhuru? Anza na karatasi, wakili atafuata

Watu huniletea simu zao niwasomee ujumbe uliotumwa kwenye magrupu: kama ulimeza Fosamax, kidonge cha kuimarisha mifupa, au dawa ya jamii yake ukavunjika paja, unastahili mamilioni ya dola kutoka Marekani, tuma namba ya NIDA na hela kidogo ya usajili. Jibu langu ni moja: futa. Kesi za Marekani zipo kweli, na nitazigusa huko mbele, lakini hazimgawii hela bibi wa Chamwino aliyemeza kidonge alichonunua famasi ya mjini Dodoma. Kesi yake, kama anayo, iko hapa hapa. Iko kwenye faili lake, kwenye kasha la dawa na kwenye kalenda.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Dodoma mjini. Kabla ya hapo nilikaa miaka mingi masjala ya hospitali, nyuma ya dirisha, nikitoa na kurudisha mafaili. Si wakili, sivai joho, na siruhusiwi kumsimamia mtu mahakamani wala kumtoza kwa ushauri. Ninachokijua vizuri ni namna karatasi zinavyopotea na namna ya kuziwahi. Ndiyo maana mwongozo huu umeegemea huko.

Kudhurika peke yake si kesi

Nalisema hili mapema kwa sababu ndipo watu wanaponikasirikia. Dawa za kuimarisha mifupa zina kazi kubwa. Kuna alendronati (Fosamax ni jina lake la kibiashara), kidonge cha miligramu 70 kinachomezwa mara moja kwa wiki. Kuna asidi ya zoledroniki, dripu ya mara moja kwa mwaka. Kuna denosumabu, sindano ya chini ya ngozi kila baada ya miezi sita. Zimewazuia wazee wengi wasivunjike nyonga na uti wa mgongo, na madhara yake makubwa huwapata wachache sana kati ya wanaozitumia. Sheria haimlipi mtu kwa kuwa tu dawa nzuri imemwendea vibaya.

Sheria inauliza maswali mengine. Je, kuna mtu aliyekuwa na wajibu kwako akautelekeza? Je, ni huko kutelekeza ndiko kulikokuumiza, au ungeumia vilevile hata kama kila mtu angefanya kazi yake? Mbele ya wakili mazungumzo yote yatazunguka hapo, kwa hiyo jiulize ukiwa nyumbani. Ulielezwa madhara kabla ya kuanza? Ulipimwa figo na kalisi kwenye damu? Uliambiwa ung'oe meno mabovu kwanza? Ulipolalamika maumivu, kuna aliyesikiliza? Baada ya miaka kadhaa, kuna daktari aliyekaa na wewe akauliza kama bado unaihitaji dawa hiyo? Aliyekuuzia alikuwa na cheti cha daktari mkononi, na cha lini?

Na kabla hatujaenda mbali: usiache dawa kwa hasira. Denosumabu hasa, ukiikatisha bila daktari kukupa ya kushika nafasi yake, pingili za mgongo zinaweza kuanza kuvunjika zenyewe, hata kadhaa kwa pamoja. Nenda kwa daktari mwingine kama humwamini wa kwanza, lakini nenda.

Madhara yanayofika mezani kwangu

Taya ni la kwanza. Mtu anang'oa jino, kidonda hakifungi, na baadaye ulimi unagusa kitu kigumu: ni mfupa wa taya uko wazi. Ukikaa wazi zaidi ya wiki nane kwa mtu aliyetumia dawa hizi na ambaye hajawahi kupigwa mionzi ya taya, madaktari wa kinywa wana jina lake na wanajua la kufanya. Huwapata zaidi wagonjwa wa saratani wanaopewa dozi kubwa za mara kwa mara kuliko wazee wa kidonge cha wiki. Hoja ya kisheria hapa mara nyingi ni nyepesi kueleza: aliyeandika dawa hakumtaja daktari wa meno, na aliyeng'oa jino hakuuliza mgonjwa anatumia nini.

Koo ni la pili, na ni la kizembe kuliko yote. Alendronati humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha unakaa wima au unasimama nusu saa bila kulala na bila kula. Nimeona wazee wanaomeza usiku kwa chai ya maziwa na kujilaza. Kidonge kinaganda njiani na kuchoma umio. Ukiwauliza waliambiwaje, wanasema, "Nilipewa bahasha imeandikwa moja kwa wiki." Hiyo bahasha usiitupe.

Kalisi kushuka ghafla baada ya sindano ya denosumabu ni la tatu: ganzi mdomoni na vidoleni, misuli kukakamaa, moyo kwenda vibaya. Walio hatarini zaidi ni wenye figo zilizochoka, hasa wanaosafishwa damu. Mwezi Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru Prolia, jina la kibiashara la denosumabu, iwekewe onyo lake kali kuliko yote juu ya hatari hiyo. Kwa hiyo aliyechomwa baada ya hapo bila kupimwa figo ana swali zito la kuuliza.

Halafu paja. Hapa nakaa kidogo, maana ndiko nilikojifunzia kazi hii.

Shangazi yangu aliwekwa kwenye kidonge cha wiki baada ya kuvunjika kifundo cha mkono. Akameza miaka saba. Kliniki alirudi mwanzoni tu. Baada ya hapo mjukuu alikuwa akienda famasi na cheti kile kile, kimekunjwa mpaka mikunjo imetoboka, na kila mara aliuziwa. Mwaka wa mwisho akaanza kuniambia, "Mwanangu, huu mguu unauma kwa ndani, pale pale pamoja, nikiinuka ndipo unachoma." Tukampeleka hospitali. Kijana aliyemwona alimsikiliza kwa heshima, akampiga picha ya goti, akampa diklofenaki na kumwambia, "Bibi, ni umri huo." Hakuuliza dawa anazotumia. Paja halikupigwa picha. Wiki chache baadaye alikuwa anashuka kwenye bajaji soko la Majengo, mkononi ana kifuko cha mlenda mkavu, akakanyaga chini na mfupa ukakatika. Hakuteleza wala hakuanguka kwanza. Aliusikia ukilia, ndipo akaanguka.

Kuvunjika kwa namna hiyo kuna alama zake kwenye eksirei, na ni muhimu uzijue kwa sababu ndizo zinazokutenganisha na "mzee ameanguka". Mfupa unakatika katikati ya paja au chini kidogo ya nyonga, kwa mstari ulionyooka unaovuka mfupa, bila kusagika vipande vipande, na pale upande wa nje ulipoanzia ufa gamba la mfupa huwa limenenepa. Kabla ya hapo mara nyingi kuna wiki au miezi ya maumivu ya paja au kinena. Na mara nyingi mguu wa pili nao una ufa unaongoja. Kama mgonjwa wako amevunjika hivi na mguu wa pili haujapigwa picha, acha kusoma, nenda kaombe ipigwe.

Kesi za Marekani zinakusaidiaje

Haziwezi kukupa hela, lakini zinakupa tarehe. Fosamax iliidhinishwa kule mwaka 1995. Habari za mataya kuoza zilianza kuandikwa na madaktari mwaka 2003. Oktoba 2010 FDA ikatangaza hatari ya mapaja kuvunjika, na Januari 2011 onyo hilo likaingizwa kwenye maelezo ya dawa. Wagonjwa waliovunjika kabla ya hapo waliishtaki kampuni ya Merck wakisema ilichelewa kuwaonya. Shauri lao lilifika hadi Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, iliyotoa uamuzi Mei 20, 2019 kuhusu nani mwenye kuamua, jaji au baraza la wazee wa mahakama, kama FDA ingelikataa onyo hilo. Kwa upande wa mataya, Merck ilikubali mwaka 2013 kulipa dola milioni 27.7 kumaliza mashauri mengi kwa pamoja.

Sasa tazama upande wetu. Tangu 2011 onyo la paja limo kwenye maelezo ya dawa. Mtengenezaji ameshasema, kwa hiyo kumfuata yeye ni kupoteza nauli, isipokuwa kama dawa yenyewe ina kasoro au ni bandia. Lakini mlango mmoja ukifungwa mwingine unafunguka: aliyekuandikia dawa hiyo mwaka 2018 na asiulize maumivu ya paja hawezi kujitetea kwamba jambo hilo halikujulikana. Lilikuwa limeandikwa kwenye kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya kasha, kwa maandishi madogo na kwa Kiingereza, lakini lilikuwa limeandikwa. Ndiyo maana nakwambia kikaratasi hicho ni ushahidi.

Karatasi kwanza

Kabla hujamlaumu mtu yeyote kwa mdomo au kwa maandishi, omba kumbukumbu zako. Mpangilio huu una maana. Barua ya lawama ikitangulia, faili linahamia ofisi ya mganga mfawidhi na kulipata tena ni danadana. Barua ya kuomba kumbukumbu isiwe na lawama hata chembe. Andika hivi:

"Mimi ………, namba ya faili ………, nilitibiwa katika hospitali yako kuanzia ……… hadi ………. Naomba nakala za kumbukumbu zangu za matibabu, ikiwa ni pamoja na maandishi ya madaktari kwa kila hudhurio, vyeti vya dawa nilizoandikiwa, majibu ya vipimo vya damu (hasa figo na kalisi), picha za eksirei pamoja na ripoti zake, na muhtasari wa kuruhusiwa wodini. Naomba kama mhusika wa taarifa hizo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nipo tayari kulipia gharama za kudurufu."

Toa nakala mbili. Ukifika dirishani utaambiwa, "Mama, faili halitoki nje." Nimelisema mwenyewe sentensi hiyo mara nyingi, na ni kweli. Mjibu kwa upole: "Silitaki faili, mwanangu, nataka nakala. Na hii nakala yangu ya barua naomba uigonge muhuri wa kupokelewa." Muhuri wenye tarehe ndio uliokuleta pale siku hiyo. Wakikaa kimya au wakakataa, malalamiko yanakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ofisi zake ziko Dodoma. Anayeomba kwa niaba ya mzee aende na barua ya ridhaa iliyosainiwa au kuwekwa dole gumba, na kama mambo yatafika mbali, hati ya uwakilishi iliyothibitishwa mbele ya wakili au kamishna wa viapo.

Wakisema faili halionekani, usirudi nyumbani. Faili likipotea si kwamba umepotea wewe. Kila mgonjwa wa nje anaandikwa kwenye rejesta ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kitabu namba 5: jina, tarehe, umri, ugonjwa, dawa. Vituo vya serikali vinavyotumia GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa kutunza taarifa za wagonjwa, vina kumbukumbu yako humo. Kama unatibiwa kwa NHIF, hospitali ilijaza fomu ya madai ili ilipwe, na kwenye fomu hiyo kila dawa na kila kipimo kimeandikwa, kwa kuwa bila hivyo isingelipwa. Mtu anaweza kusahau kuandika maumivu yako. Kudai hela hasahau. Taja vyanzo hivyo kwa majina kwenye barua ya pili na utaona sura zinabadilika.

Picha za eksirei uziombe zenyewe, kwenye CD au flashi, pamoja na ripoti. Picha ya kioo iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp inamfaa mjomba aliyeko Singida. Daktari bingwa atakayetoa ushahidi anahitaji kuikuza na kupima unene wa gamba la mfupa. Kwa shangazi, kilichobeba shauri kilikuwa mstari mmoja wa mwandiko mbaya wa daktari kwenye hudhurio la kabla ya kuvunjika: "maumivu paja la kushoto, miezi 3". Mstari huo ulionyesha kwamba walijua paja ndilo linalouma, na picha iliyofuata ilikuwa ya goti.

Nyumbani, kusanya kasha la dawa, karatasi ya vidonge hata kama ni tupu, kikaratasi cha ndani na bahasha ya maelekezo. Kwenye kasha kuna jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Tia vyote kwenye mfuko mmoja na usiandike kitu juu yake. Risiti za EFD zinafifia; zitoe nakala leo, siyo mwakani. Ukiona kwamba dawa ilinunuliwa kwenye duka la dawa muhimu, mwambie wakili siku ya kwanza, kwa sababu maduka hayo yana orodha yao maalumu na hayaruhusiwi kuuza kila kinachouzwa famasi.

Halafu andika masimulizi yako mwenyewe, kwa mkono wako, ukianzia siku ulipopewa dawa. Nani alisema nini, nani alikuwepo. Usipambe. Kama hukumbuki tarehe, andika "baada ya mavuno" au "wiki ya Pasaka". Wakili atatafuta tarehe.

Toa taarifa TMDA, hata kama hudai kitu

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inapokea taarifa za madhara ya dawa kutoka kwa wahudumu wa afya, wanaojaza fomu ya njano, na pia kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Ipo hapa Dodoma, huna haja ya kupanda basi la Dar. Taarifa hiyo haileti fidia, na wapo wanaoona ni kujisumbua. Mimi naiona ina faida mbili. Kwanza, inathibitisha tarehe uliyotambua kwamba dawa ndiyo inayoshukiwa. Pili, wataalamu wao hutathmini kama dawa inaweza kweli kuwa chanzo, na wanaweza kuangalia kama toleo lile limesajiliwa nchini. Ikigundulika haijasajiliwa au ni bandia, mambo yanageuka jinai na wewe unakuwa shahidi wa Jamhuri, pamoja na kubaki na dai lako.

Kalenda, na nani hasa wa kushtakiwa

Dai la uzembe ni dai la madhara, na chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda lina miaka mitatu. Dai linalotokana na mkataba lina miaka sita, na wakati mwingine wakili anaweza kujenga hoja ya mkataba dhidi ya hospitali binafsi uliyoilipa, lakini usiishi kwa kutegemea hiyo sita. Hesabu mitatu tangu siku ya kuumia. Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuongeza muda kwa sababu maalumu. Ni mlango mwembamba na unachukua muda mwingine kuupita.

Kama uliumizwa hospitali ya serikali, ya wilaya, ya rufaa ya mkoa au kubwa zaidi, huwezi kufungua kesi kesho asubuhi. Unatoa kwanza notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki, kwa ofisi inayohusika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwanasheria Mkuu anaunganishwa kwenye shauri, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Ukisahau notisi, au ukaacha kumuunganisha, kesi inatupwa kabla hata paja halijatajwa. Kwa hiyo miaka mitatu ukiitoa siku 90, ukatoa na miezi ya kutafuta daktari shahidi, inabaki mifupi kuliko inavyosikika.

Hospitali za mashirika ya dini, ambazo kwetu kanda ya kati ni nyingi, zina mtego wake. Bango la getini si jina la mshtakiwa. Hospitali nyingi za namna hiyo hazina nafsi ya kisheria. Mwenye nafsi ni Bodi ya Wadhamini Waliosajiliwa ya dayosisi au jimbo husika. Hakikisha jina hilo kabla ya kuandika hati. Famasi nayo tazama leseni yake ukutani: mmiliki ni nani, mfamasia msimamizi ni nani. Piga picha leseni ukiwa mteja wa kawaida, hakuna anayekukataza.

Dhidi ya hospitali binafsi au famasi, shauri kwa kawaida linaanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, kulingana na kiasi. Si Mahakama ya Mwanzo; karani wa kule akikupokelea, umepoteza ada. Mgonjwa akifariki, anayeendelea ni msimamizi wa mirathi, kwa hiyo mirathi ifunguliwe haraka bila kungoja arobaini na mabishano ya ukoo.

Mabaraza ni njia nyingine, siyo njia ya mkato. Baraza la Madaktari Tanganyika linaweza kumwita daktari, kumwonya, hata kumfutia usajili. Baraza la Famasi vivyo hivyo kwa mfamasia na duka lake. Hakuna kati yao litakalokulipa gharama za nondo ya pajani. Bado ninawashauri watu wapeleke malalamiko huko, kwa sababu uamuzi kwamba daktari alikiuka taratibu unampa wakili wako mahali pa kusimama. Ila saa ya miaka mitatu haisimami wakati baraza linakaa.

Wakili, na ukiwa huna hela

Uliza kwanza kama ameshawahi kushika shauri la uzembe wa kitabibu. Wakili mzuri wa ardhi si lazima aujue mfupa. Makubaliano ya ada yawe kwa maandishi, yakitenganisha ada yake na gharama za mahakama na za daktari shahidi. Huyu daktari shahidi ndiye kikwazo kikubwa kuliko hela. Madaktari bingwa wa mifupa ni wachache na wanajuana. Usitegemee wa hospitali ile ile. Watu wangu wengi wamelazimika kwenda hadi Moshi au Dar es Salaam kupata maoni ya mtu asiyemjua aliyewatibu. Kapange bajeti ya safari hiyo mapema.

Asiye na uwezo analindwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako anaweza kukuelekeza kwa watoa huduma waliosajiliwa katika eneo lako. Hapa mjini kuna TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Chama cha Mawakili Tanganyika, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, imefika hadi vijijini. Wiki ya Sheria, kuanzia mwishoni mwa Januari, nenda Nyerere Square na nakala zako. Utakuta mawakili wamekaa kwenye mabanda, na mtu mwenye karatasi zilizopangwa kwa tarehe anasikilizwa muda mrefu kuliko mwenye hadithi tupu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai pia inamruhusu fukara kuomba kufungua shauri bila kulipa ada ya mahakama. Na msione aibu ya lugha: tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama.

Hela yenyewe

Fidia ziko za aina mbili na watu huzichanganya. Fidia maalumu ni kile ulichotumia au kukipoteza kwa hesabu: upasuaji, nondo, dawa, nauli za bajaji na za basi, mshahara wa msichana aliyekuja kumwogesha mzee, mazao ya shamba la zabibu yaliyokosa mtu wa kupogoa. Mahakama ya Rufani ilishasema zamani kwamba hii lazima itajwe kipengele kwa kipengele na ithibitishwe kikamilifu. Bila risiti ni sifuri, hata hakimu akikuonea huruma. Mama mwenye bajaji asiye na mashine ya EFD anaweza kukuandikia hati fupi na kusaini, na namba yake ya simu. Fidia ya jumla, ya maumivu na maisha yaliyopinda, iko mikononi mwa mahakama. Usiandike bilioni kwa kudhani hakimu atakata nusu akupe milioni mia tano.

Kabla ya kusikilizwa, shauri linapelekwa kwenye usuluhishi, na mashauri ya aina hii mara nyingi huishia hapo, la shangazi likiwemo. Kiasi sitasema, hati ya suluhu inakataza. Ila ukifika kwenye meza hiyo, ukiwa na wakili au ukiwa umesindikizwa na msaidizi wa kisheria hadi mlangoni, soma hati kabla ya kusaini: malipo ni ya lini, yanaingia akaunti ya nani, yakichelewa inakuwaje, na itasajiliwa mahakamani kama tuzo au itabaki kuwa karatasi ya watu wawili. Kisha tafuta kifungu kinachosema nani atalipia mguu wa pili ukihitaji kuwekewa nondo. Hospitali nyingi zitataka uandike kwamba umeridhika na "madai yote ya sasa na ya baadaye". Usisaini maneno hayo mpaka picha ya mguu huo iwe imepigwa na daktari wako mwenyewe ameiona.